Jogoo Aliyepona Kabla Yangu

Haya, chekeni. Chekeni sasa hivi mmalize, maana najua mmenikalisha hapa mkekani ili niwasimulie habari ya jogoo, na mie si mtu wa kubembelezwa, ila nikianza sitaki kukatizwa. Aibu niliipata, sikatai. Niliaibika mchana kweupe, uani kwangu mwenyewe, mbele ya nusu ya kijiji chetu cha Maparoni, nimeinua picha ya mguu wangu juu ya kichwa, na mpaka leo wako watu wakikutana na mie njiani wanawika. Wawike. Hakuna anayewika ambaye sijamuunga yeye au mwanawe, nawajua mmoja mmoja na mifupa yao naijua.

Kwa huyu mgeni wetu asiyenijua, mie ndiye Fundi Somoe. Nalima mpunga kama kila mtu, na naunga mifupa, kazi niliyoachiwa na marehemu baba. Mtu akivunjika namkanda, naurudisha mfupa kwa vidole, namfunga magango (vile vijiti vya mianzi, nimevichonga na kuvizungushia kitambaa), halafu namchukua kuku namvunja mguu palepale alipovunjika mgonjwa, naye namfunga magango yake, anakaa pembeni ya kitanda. Siku kuku akisimama akatembea, mgonjwa naye anafunguliwa, anakwenda kisimani na kurudi kwa miguu yake, watu wanashuhudia, vigelegele, imekwisha. Ndiyo sheria. Msiniulize kuku na mtu wanahusiana vipi, maana hata mie nilimuuliza baba, akaniambia acha maneno, shika huo mguu vizuri.

Sasa mwaka huo mpunga ulikuwa unakaribia kuiva, nami nilikuwa juu ya dungu langu shambani, kile kibanda cha juu ya nguzo tunachokaa kulinda wanyama na ndege. Tumbili wakaingia upande wa mtoni. Nikapiga debe, wakakimbia, isipokuwa mmoja, mzee wao, alikaa kwenye tuta akawa ananitazama huku anatafuna mpunga wangu. Ananitazama! Mtu mwenye akili zake angeshuka kwa ngazi. Mie niliruka (baba alizoea kusema hasira zangu zitanitangulia kaburini), nikatua juu ya kisiki, unyayo ukajikunja chini yangu na nikasikia mlio kama wa muwa unaovunjwa gotini.

Nilikaa palepale kwenye tope nikajishika. Mikono hii haijanidanganya hata siku moja, na siku hiyo iliniambia kweli ambayo sikuitaka: ile mifupa mirefu ya katikati ya unyayo, inayokwenda vidoleni, mitatu ilikuwa imehama. Nikirudisha mmoja, mwingine unatoka. Kesho yake nilishinda ndani nimejifungia, najikanda na kujivuta mwenyewe huku nimeng'ata kanga, wapi! Mkono ukiungwa umepinda kidogo mtu ataishi nao, lakini unyayo ndio unaobeba mwili mzima na ndoo ya maji kichwani. Nilijua kabisa kwamba huu umenishinda.

Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu, umenishinda, ningesema na leo msingekuwa na kisa cha kuchekea. Lakini Fundi Somoe aseme umenishinda, nani amsikie? Nikawatangazia watu kwamba nimeteguka kidogo, nakwenda Kibiti kwa binti yangu Hadija, nitajiunga mwenyewe hukohuko kwa utulivu. Aliyenibebea mkoba mpaka kwenye boti ni Tatu, wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Tatu ndiye mtu wangu hapa duniani. Kila msiba, kila arusi, yeye ndiye wa kunisifu, na siku hiyo akasimama pale bandarini akapaza sauti: "Waliosema mganga hajigangi hawakumjua wifi yangu!" Watu wakacheka, nami nikacheka, huku mguu unapiga kama moyo.

Hadija alinitazama mara moja tu akasema, "Mama, huu si wa magango," na siku ileile tukapanda gari mpaka hospitali kubwa yenye daktari wa mifupa. Daktari mwenyewe binti wa bara, mdogo kwa Hadija, sauti ya upole kama anamwongelesha mtoto mchanga. Akaniuliza, "Mama, unafanya kazi gani?" Nikamwambia mkulima. Hadija akakohoa, nikamkanyaga kwa mguu mzima. Sasa yule daktari akawa ananipapasa unyayo, anabonyeza huku, anabonyeza kule, nami uvumilivu ukanishinda (mnanijua), nikamwambia, "Siyo hapo, mwanangu. Tumia dole gumba, uje kwa ndani. Wa pili ndio uliovuta wenzake." Akabonyeza. Akaitazama picha ya eksirei iliyobandikwa kwenye taa, akanitazama mie, akaitazama tena picha.

"Mama, umejuaje?"

"Kwani mguu si wangu?"

Akatabasamu, hakuuliza tena. Kesho yake wakanichoma sindano ya ganzi mgongoni, kiuno kwenda chini kikapotea, nikawa nimelala nasikia vyuma vinagongana kwenye sinia na kitu kinanguruma, keekee kabisa, ile ya seremala ya kutobolea mbao. Seremala yuko mguuni kwangu! Waliweka skrubu mbili za kukaa moja kwa moja na nyaya tatu za kutolewa baadaye, vichwa vyake vimetokeza nje ya ngozi. Siku ya kubadilisha bandeji nikaomba nijishike. Nikapapasa taratibu, na jamani, nililia. Manesi wakadhani naumia. Sikuwa naumia hata kidogo. Mifupa ilikuwa imekaa, yote, kila mmoja chumbani kwake, kazi safi ambayo hata baba, Mungu amrehemu, angeivulia kofia. Nililia kwa furaha, na kidogo kwa wivu, niseme ukweli.

Wiki sita zikapita, nyaya zikatolewa, nikapewa magongo mawili ya kwapani na amri: mguu huu usiubebeshe uzito mpaka urudi tupige picha nyingine. Nikaitikia ndiyo daktari. Nikapewa na ile picha yangu, mifupa myeupe na skrubu mbili ndani yake, nikaifunga kwenye kanga.

Basi niko Kibiti, stendi, nangoja gari ya kuniteremsha Nyamisati nikapande boti, ndipo ikanijia: kuku yuko wapi? Fundi Somoe anarudi amejiunga mwenyewe, kuku wake hayupo? Maparoni nzima itauliza hilo kabla ya salamu. Nikageuka, nikamwona muuza kuku ametandika jogoo zake chini, amezifunga miguu kwa vipande vya mpira wa tyubu, na jogoo mmoja mwekundu alipofunguliwa nimwangalie akaanguka ubavu, akajaribu kusimama, akachechemea, akaanguka tena. Nikasema moyoni, huyu. Hadija akanisihi. "Mama, utajiumbua." Nikamwambia, kuku wangu, mguu wangu, wewe nyamaza. Magongo ya hospitali nikamwachia, nikachukua mkongojo wa mti, na ndani ya boti, chini ya baibui langu, nikamfunga yule jogoo magango kama mgonjwa. Ndio uamuzi wenyewe huo, mdogo, haukuchukua hata dakika moja.

Nilipokewa kama hujaji. Jogoo akapitishwa mkono kwa mkono, watu wanayasifu magango. Sikuongopa kwa mdomo, angalieni, hakuna aliyeniuliza "umemvunja mwenyewe?" nikasema ndiyo. Niliacha tu jogoo aonekane. (Hadija anasema huo ni uongo uleule uliovaa kanzu. Mtoto huyu kanishika kubaya.)

Kumbe yule jogoo hakuwa na ugonjwa wowote. Miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kile kipande cha mpira, basi, siku nzima damu haipiti. Asubuhi ya siku ya tatu akajichomoa kwenye magango, akamkimbiza tetea wa Tatu uani kote mara mbili, akaruka juu ya paa la jiko, akawika. Tatu akatoka nje na mwiko mkononi.

"Jamani! Kuku katembea! Njooni, kuku wa Fundi katembea!"

Mnaijua sheria, niliishikilia mwenyewe kwa kila mtu niliyemuunga, na hakuna niliyemsamehe. Watu wakajaa. Nikasema kichwa kinaniuma, wakasema kisimani si mbali. Nikasema jua kali, wakasema ni asubuhi. Tatu akanichukulia mkongojo kwa mapenzi yake yote, akanipa ndoo. Nikatembea. Wallahi nilitembea, mguu ambao daktari alisema usikanyage, mpaka kisimani na kurudi na ndoo ya maji, natabasamu, vigelegele huku na huku, na kila hatua namtukana yule jogoo kimoyomoyo matusi ambayo sitayarudia mbele ya watoto wa watu. Nilipofika ndani mguu ulikuwa umevimba mpaka kwenye kifundo. Nilikaa nao juu ya mto siku nne, nasingizia homa.

Na laiti ingeishia hapo, ningekuwa nimejidhuru mwenyewe tu, mkaniachia Mungu wangu. Lakini baada ya mwezi hivi wifi yangu Tatu akaumia. Walikuwa wanauvuta mtumbwi juu ya magogo pale bandarini, gogo likateleza, mtumbwi ukamshukia mguuni. Unyayo. Upande uleule wa kushoto kama mie. Wakamleta kwangu moja kwa moja wamembeba, naye usoni anaumia lakini anacheka, anawaambia watu, "Bahati yangu ilioje, wifi yangu ameshajiunga huuhuu!"

Nikamshika. Mikono ikaniambia. Mifupa imehama, na ngozi pembeni imepasuka. Nikamwambia, "Wifi, huu twende hospitali." Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe ulikwenda?"

Nikanyamaza.

Nyie mnataka kucheka jogoo, chekeni, lakini hapo pa kunyamaza hapachekeshi. Siku mbili. Siku mbili nilimkanda kwa maji ya chumvi, nikamfunga magango, nikamvunja kuku mguu akawekwa kitandani kwake, na kila nikimaliza namwambia hebu twende, ukachomwe japo sindano, naye anajibu, "Kuku wangu hajatembea bado. Nangoja. Wako ulipona kwa kuku, wangu kwa nini usipone?" Siku ya tatu asubuhi nikafungua kitambaa. Kidole kidogo kilikuwa cheusi, na harufu ilikuwa imeanza.

Habari zilimfikia nesi Neema wa zahanati, naye mtu wa bara, mkali, akaja na boti tayari, akatukuta uani Tatu amelazwa kivulini na watu wamejaa, na maji yameanza kutoka. Mnajua maji yakitoka mto wetu unakuwa tope, boti haitoki mpaka yajae tena. Nesi akasema, "Mama Tatu, ukikosa boti hii unaweza kukosa mguu." Tatu akakataa. Akasema, mbele ya wote, "Mwulizeni wifi yangu. Alipelekwa wapi? Alipasuliwa na nani? Si huyu hapa anabeba ndoo?" Watu wakaitikia, ndiyo, kweli, mwacheni. Mwanamume mmoja akamwambia nesi asiwatishe watu. Na wote wakageuka wakanitazama mie, niseme.

Nilimwona nesi anatazama maji. Nikaingia ndani.

Nilitoa ile picha chini ya godoro, ndani ya kanga, nikatoka nayo nikainyanyua juani kwa mikono miwili. Kwanza niliishika kichwa chini (hata kuaibika nilikosea), nesi akanigeuzia. Mifupa ikaonekana yote, na skrubu mbili nyeupe katikati.

"Huu ni mguu wangu," nikasema. "Nilipasuliwa. Umenishinda kujiunga, nikaenda hospitali, wakanipasua, wakanitia vyuma hivi mnavyoviona, na vimo ndani mpaka leo."

Bibi mmoja pale nyuma, simtaji kwa kuwa anajijua, akauliza: "Na jogoo?"

"Jogoo nilimnunua stendi Kibiti. Mguu mzima. Alifungwa mpira tu."

Walianza polepole, mmoja akajiziba mdomo na kanga, kisha uani kukaripuka. "Tulipiga vigelegele vya kuku mzima!" "Mie nilimpa pole yule jogoo!" Mmoja akawika, ndiye wa kwanza, na jogoo mwenyewe, laana hii, akamjibu kutoka juu ya paa. Nilisimama palepale. Sikuinama, sikujifunika uso, nilisimama na picha yangu juu nikiwangoja wamalize, kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja tu niliyekuwa namtazama, naye hakucheka.

Tatu alikuwa anaitazama ile picha. Akasema, bila kuniita wifi, "Siku mbili, Somoe."

Kisha akawageukia watu akasema, "Ninyanyueni."

Wakamnyanyua na kitanda chake cha kamba, mbiombio, boti ikatoka tope likiwa limeshaanza kuonekana pembeni. Nami nikapanda. Nesi akasema hakuna nafasi, nikamwambia basi niteremshe wewe kama unaweza. Njia nzima Tatu hakunisemesha. Kule hospitali nikamkuta daktari yuleyule, akaniona nachechemea, akasema, "Mama mkulima, mbona umeukanyaga mguu?" Nikamwambia mimi si mkulima peke yake, ni fundi wa kuunga mifupa. Akasema, "Nilijua tangu siku ile. Mkulima gani anajua mfupa wa pili ndio uliovuta wenzake?" Wakanipiga picha, skrubu moja imepinda. Akauliza imekuwaje, nikasema jogoo. Akadhani namtania.

Tatu akasafishwa, akatiwa nyaya kama mie, mguu ukapona. Kidole kidogo wakakitoa, kilikuwa kimekufa, na daktari alisema wazi kwamba kingefika siku ya kwanza pengine kingebaki. Hilo alilisema mbele yangu na sikutoka nje.

Baadaye nesi Neema alitaka nisimame kwenye mkutano wa kijiji nitamke kwamba kazi ya kuunga ni ujinga na nimeiacha. Nikakataa. Sijaiacha na siiachi. Mtoto akiteguka mkono mleteni, nitamuunga na mtaniombea dua. Mikono yangu ndiyo iliyojua kwamba huu ni wa kupasuliwa kabla mashine haijawashwa, haikukosea kitu, mdomo wangu ndio uliokosea. Kuku ndio nimewaacha, wote, hata kuwala nawala kwa shida, na picha yangu nimeining'iniza dirishani, jua likipanda kila mpita njia anaziona skrubu. Anayetaka kuwika awike hapohapo dirishani.

Tatu alirudi baada ya miezi kadhaa. Nilimsikia anakuja kwa mlio wa magongo, akaingia uani, akaketi kwenye kibao changu cha jikoni bila kubisha hodi kama alivyozoea. Akavua ndala ya kushoto, akaunyoosha mguu mbele yangu.

"Hesabu."

Nikahesabu. Vinne.

"Hesabu tena."

Nikahesabu tena, safari hii kwa kuvigusa kimoja kimoja, na machozi yakanitoka nikashindwa kufika mwisho. Akaniacha nilie mpaka nikachoka. Kisha akavaa ndala yake, akasema, "Basi, wifi. Sasa nipe chai."

Kwa hiyo mie siapi viapo virefu. Mtu akija kwangu na unyayo uliovunjika, anataka kuku, simbishii wala simwonyeshi picha. Namwita wifi yangu, namwambia, "Tatu, vua ndala."